Taarifa ya mwaka ya idara ya uhandisi wa kemikali kwa wahitimu wake: tuambiwe nini, na tuulizwe nini?

Tanurimoto (mleta uzi)

Wanajukwaa wenzangu, hasa mliopitia vyuo vya uhandisi, naomba tujadili jambo ambalo wengi wetu hulipokea kwa barua pepe na kulifuta kabla hatujafika mwisho wake. Kila mwaka idara nyingi za uhandisi wa kemikali huwatumia wahitimu wao taarifa. Ndani yake huwa mna salamu za mkuu wa idara, picha za mahafali, majina ya waliopandishwa vyeo, tuzo, tanzia ya profesa aliyestaafu, na mwishoni ombi la mchango. Sina ugomvi na hayo, na tanzia huzisoma zote. Dai langu ni kwamba taarifa ya namna hiyo humnyima mhitimu mambo mawili yanayomhusu kuliko yote: kinachofundishwa leo ambacho yeye hakufundishwa, na nafasi ya kuieleza idara kile ambacho kiwanda kimemfundisha.

Nitachukua mfano wa MIT, chuo cha teknolojia kule Massachusetts, Marekani, kwa sababu historia ya idara ile inafahamika vizuri na inaonyesha jinsi fani hii inavyojibadilisha huku wahitimu wake wakiwa tayari kazini. Mwaka 1888 mwalimu wa kemia, Lewis Mills Norton, alianzisha pale kozi iliyopewa namba kumi ya Kirumi, na hadi leo watu wa chuo kile huiita idara kwa namba hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, George E. Davis, aliyewahi kuwa mkaguzi wa viwanda vya magadi nchini Uingereza, alikuwa ametoa mfululizo wa mihadhara mjini Manchester kuhusu wazo hilohilo, yaani kwamba kuna mhandisi wa aina yake anayehitajika katika viwanda vya kemikali. Wahitimu wa kwanza wa Norton, vijana 7, walitoka mwaka 1891. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1893, kabla hajaona mti alioupanda ukizaa.

Sasa tumfikirie mhitimu wa miaka ile. Alifundishwa uhandisi wa mitambo pamoja na kemia ya viwandani, na kemia hiyo ilifundishwa kiwanda kwa kiwanda: sukari kivyake, rangi za nguo kivyake, magadi kivyake. Mwaka 1915 Arthur D. Little, mkemia aliyekuwa mshauri wa viwanda, aliwaandikia wakuu wa MIT hoja iliyogeuza mambo. Alisema kwamba mchakato wowote wa kemikali, uwe wa bidhaa yoyote, unaweza kuchambuliwa ukawa mfuatano wa hatua chache za msingi, kama kusaga, kuchanganya, kupasha moto, kukausha, kuchuja na kugeuza mvuke kuwa kimiminika, na kwamba anayezimudu hatua hizo anaweza kuingia kiwanda chochote. Idara ilipojitegemea mwaka 1920 chini ya Warren K. Lewis, ilijengwa juu ya hoja hiyo, na kitabu ambacho Lewis aliandika pamoja na wenzake William Walker na William McAdams mwaka 1923 kikaisambaza katika vyuo vingine. Miaka miwili baadaye McCabe na Thiele wakatoa njia ya kukadiria kwa rula na penseli idadi ya sahani zinazohitajika ndani ya mnara wa kutenganisha vimiminika. Kwa hiyo mhitimu wa 1895 na mhitimu wa 1925 walikuwa na shahada ya jina moja, lakini mmoja angeutazama mchoro wa mwenzake bila kuelewa chochote.

Hali hiyo haikuishia hapo. Mwaka 1960 Bird, Stewart na Lightfoot wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba mtiririko wa vimiminika, uhamaji wa joto na uhamaji wa maada vinaweza kufundishwa kwa hesabu za familia moja, na Neal Amundson wa Minnesota akaisogeza fani karibu zaidi na hisabati. Baadaye zikaja kompyuta, kisha baiolojia. Kila mara kuna kizazi kinachoachwa nyuma, si kwa uvivu wake bali kwa sababu kilihitimu mapema. Ni nani mwenye wajibu wa kukiambia? Mimi nasema ni idara, na chombo chake ni taarifa hii ya mwaka.

Kuna jambo la pili katika historia hiyo ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mwaka 1916, kwa msukumo wa Little na William Walker na kwa fedha za George Eastman wa Kodak, aliyetoa dola 300,000, MIT ilianzisha shule ya mazoezi ya uhandisi wa kemikali. Wanafunzi walihamia viwandani, kimojawapo kikiwa kiwanda cha karatasi huko Bangor, Maine, na mwalimu wa chuo alikaa nao hukohuko. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisimamisha, kisha ikafunguliwa tena mwaka 1920, na ingali ipo. Wanafunzi hupewa tatizo halisi la kiwanda, hulishughulikia kwa majuma machache, kisha husimama mbele ya wasimamizi wa kiwanda na kutetea majibu yao. Kwa utaratibu huo idara inapata habari za viwandani kila mwaka bila kuomba, kwa sababu mwalimu wake anazishuhudia. Idara isiyo na mpango kama huo inazipata wapi habari hizo, isipokuwa kwa wahitimu wake?

Juisi ya Miwa

Ndugu Tanurimoto, nashukuru kwa uzi wenye uzito. Mimi ni mhandisi wa uzalishaji katika kiwanda cha sukari, na ninaunga mkono hoja yako ya pili zaidi ya ile ya kwanza.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo huja na daftari la kumbukumbu, hukaa nasi majuma kadhaa, hujaziwa fomu na kugongewa muhuri, kisha huondoka. Mwalimu wao akifika, anafika kwa saa chache, na muda mwingi huutumia kukagua daftari badala ya kukagua mitambo. Sijawahi kuona idara ikituuliza wanafunzi hao waliona nini, wala sisi tulionao kila siku tunaona wanapungukiwa na nini. Ulichokieleza kuhusu mwalimu kukaa kiwandani ndicho kinachotofautisha mafunzo na matembezi.

Ningependa pia taarifa ya mwaka ituambie habari za viwanda vilivyokufa, maana Afrika Mashariki tuna darasa kubwa la aina hiyo na hakuna anayelifungua. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kikazimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtambo wa TIPER pale Kigamboni, uliofunguliwa mwaka 1966, uliacha kusafisha mafuta ghafi ukabaki kuwa mahali pa kuyahifadhi. Mtambo wa Changamwe, Mombasa, uliacha kusafisha mwaka 2013 nao ukageuka kuwa matangi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Kwa upande mwingine, magadi ya Ziwa Magadi yamekuwa yakichimbwa na kuchakatwa kwa zaidi ya karne moja. Mhandisi kijana akiniuliza kwa nini kimoja kimedumu na vingine vimezimika, nitamjibu kwa kubahatisha, ilhali wazee waliovisimamia viwanda hivyo wapo, wamestaafu, na wengi wao ni wahitimu wa vyuo vyetu. Gharama ya umeme, malighafi iliyoagizwa kutoka nje, mitambo midogo kuliko ya washindani wa Asia, vipuri: kila mmoja ana maelezo yake. Kurasa nne za mzee mmoja wa TIPER zingenifaa kuliko picha zote za mahafali.

Dada wa Maabara

Wakuu, naongeza jambo kuhusu namna taarifa hizi zinavyowaandika wahitimu wanawake. Kila mwaka tutasoma kwamba fulani ni mwanamke wa kwanza kufanya jambo fulani, kisha sentensi inakatika hapo. Alilifanyaje? Hatuambiwi.

Kwa kuwa mleta uzi ameanza na MIT, tubaki hapohapo. Margaret Hutchinson, ambaye baadaye alijulikana kama Margaret Hutchinson Rousseau, alipata shahada ya udaktari ya uhandisi wa kemikali MIT mwaka 1937, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuipata shahada hiyo nchini Marekani. Ukiishia hapo umempa cheti cha ukutani tu. Utafiti wake ulihusu jinsi gesi inavyoyeyuka katika kimiminika, na ukuta mwembamba wa kimiminika unaokinza kazi hiyo. Alipoajiriwa na kampuni ya E. B. Badger ya Boston, akakabidhiwa usanifu wa kiwanda cha kwanza cha kuzalisha penisilini kibiashara. Kabla ya hapo ukungu wa penisilini ulikuzwa juu ya uso wa kimiminika ndani ya chupa na vyombo vidogo, na mavuno yalikuwa haba mno. Suluhisho lilikuwa kuukuza ndani ya matangi yenye kina, huku hewa safi isiyo na vijidudu ikisukumwa kutoka chini na kimiminika kikikorogwa bila kukoma. Tatizo la tangi la namna hiyo ni lilelile la gesi kuingia katika kimiminika kwa kasi inayotosha, kwa kuwa ukungu usipopata oksijeni hufa. Kiwanda cha Pfizer kilichofunguliwa Brooklyn mwezi Machi 1944, ndani ya jengo lililokuwa la kutengenezea barafu, kilikuwa na matangi 14, kila moja likibeba galoni 7,500, na sehemu kubwa ya penisilini iliyotumiwa na wanajeshi waliotua Normandy, Ufaransa, mwezi Juni mwaka huo katika Vita ya Pili ya Dunia ilitoka humo.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayelalamika kwamba somo la uhamaji wa maada halina kazi yoyote maishani angepewa habari hiyo kwa ukamilifu wake, angenyamaza. Ndiyo maana nasema habari za mhitimu ziandikwe kwa kazi yake. Mae Jemison, aliyeruka angani kwa chombo Endeavour mwezi Septemba 1992, alihitimu uhandisi wa kemikali Stanford mwaka 1977 kabla ya kusomea udaktari wa tiba, na katika lugha anazotajwa kuzifahamu Kiswahili chetu kimo. Nimemtaja kwa furaha tu, sina hoja nyingine.

Mzee wa Vali

Vijana wangu, nimewasoma wote kwa makini. Nimefanya kazi katika usalama wa mitambo kwa muda mrefu, na nataka niiongezee nguvu hoja ya kwanza ya mleta uzi, ile ya mambo ambayo wahitimu wa zamani hawakufundishwa, kwa sababu Juisi ya Miwa ameipita upesi.

Tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha Nypro huko Flixborough, Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Palikuwa na matangi sita ya mmenyuko yaliyopangwa kwa mfuatano, yakichakata saikloheksani, kimiminika kinachowaka upesi, ikiwa ya moto na chini ya mgandamizo. Tangi la tano lilipopata ufa liliondolewa, na mahali pake pakawekwa bomba la muda la kuunganisha la nne na la sita. Mchoro wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyekokotoa nguvu ambazo lingebeba pale lilipojipinda, na wakati huo kiwanda hakikuwa na mhandisi mitambo mwenye sifa za kuiona hatari hiyo. Baada ya Flixborough, na baada ya gesi ya sumu kuvuja kiwandani Bhopal, India, mwaka 1984, somo la usalama wa michakato likaanza kuingia katika mitaala. Waliohitimu kabla ya hapo hawakulisoma, na wao ndio waliokuwa mameneja wa miaka iliyofuata.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 19 Desemba 2007, mjini Jacksonville, Florida. Kampuni ndogo ya T2 ilikuwa ikitengeneza kiungo cha kuongezwa katika petroli. Mfumo wa kupoza ulishindwa, joto likapanda, na mmenyuko wa pili ukaanza kati ya sodiamu na kiyeyushi chenyewe, mmenyuko ambao waliousanifu mchakato hawakuwa wameutambua. Watu 4 walikufa, mmoja wao akiwa mhandisi wa kemikali aliyekuwa mmiliki mwenza. Huyu hakuwa mzembe aliyewatuma wengine kwenye hatari. Alisimama pale yeye mwenyewe, kwa kuwa hakujua. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali haikuishia kuilaumu kampuni: ilielekeza pendekezo kwa chombo kinachoidhinisha programu za uhandisi, kikishirikiana na chama cha wahandisi wa kemikali cha nchi hiyo, ili hatari za mimenyuko zifundishwe katika shahada ya kwanza. Vigezo vya kuidhinisha programu hizo vikarekebishwa, na hatari za michakato zikatajwa waziwazi.

Sasa niwaulize. Mwanafunzi anayeingia chuoni leo ananufaika na marekebisho hayo. Aliyehitimu kabla yake, ambaye ndiye anayeamua kama vali ya kupunguza mgandamizo ibadilishwe au isubiri bajeti ijayo, ameambiwa na nani? Taarifa ya idara inayomweleza kwamba maabara imepata viti vipya na isimweleze hilo imemkosea sana.

Hesabu Kamili

Samahani wakuu kwa kwenda kinyume. Mnazungumza kana kwamba idara na viwanda ni ndugu wasio na siri. Kwanza, taarifa ya mwaka ipo kwa ajili ya kuchangisha fedha, na kuikataa shabaha hiyo ni kujidanganya. Pili, mhandisi aliyeajiriwa haruhusiwi kuandika yanayotokea kiwandani kwake. Mkataba wake unamfunga. Tatu, idara ikianza kusikiliza viwanda kuhusu kinachopaswa kufundishwa, kesho itakuwa karakana ya mwajiri, na hesabu ngumu zitafutwa kwa sababu meneja fulani hazitumii.

Tanurimoto (mleta uzi)

Hesabu Kamili, hoja yako ya tatu ni nzito, na MIT hiyohiyo iliipitia. Walker alianzisha maabara ya utafiti wa kemia tumizi mwaka 1908 ili kufanya kazi za viwanda kwa mikataba, wakati mwenzake Arthur Noyes alikuwa akitetea sayansi isiyo na mwajiri. Walivutana kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wote wawili walikuwa wameondoka, Noyes akihamia chuo cha Caltech, California. Maabara ya Walker iliyategemea mno malipo ya makampuni, na matokeo ya kazi za mkataba hayakuwa ya kuchapishwa kwa uhuru. Mdororo wa uchumi ulipowakausha wateja, maabara nayo ikafungwa katika miaka ya 1930, wakati rais mpya wa chuo, mwanafizikia Karl Compton, alipokuwa akikirudisha chuo kwenye sayansi ya msingi. Kwa hiyo nakubali kwamba sauti ya kiwanda ina hatari yake. Lakini tazama tofauti: kampuni inayolipa mkataba hununua jibu inalolitaka, ilhali mhitimu anayeandika kwa idara yake hanunui chochote. Anaweza hata kusema kwamba hesabu alizozichukia ndizo zilizomwokoa, na meneja wake hatamsahihisha.

Kuhusu siri, sioni ugumu mkubwa. Mwandishi hahitaji kutaja kampuni, uwiano wa malighafi wala bei. Anaweza kueleza tatizo la kawaida la kifaa cha kawaida, na mafundi wa nchi nzima wakalitambua. Tena ajali zilizochunguzwa hadharani, kama alizozitaja Mzee wa Vali, hazina siri yoyote.

Hoja ya fedha nakuachia. Waombe tu, ila ombi liwe la kitu kinachoonekana. Mtu atatoa kwa ajili ya pampu ya maabara ambayo ameelezwa inafundisha nini. Hatatoa kwa ajili ya "maendeleo ya idara".

Mnaonaje tukianza wenyewe? Kila mwenye uzoefu aandike jambo moja ambalo kiwanda kilimwonyesha na mtaala wake haukulifikia, tuyakusanye na kuyapeleka kwa wakuu wa idara tulizosoma, waamue wenyewe kama watayaweka katika taarifa yao ijayo.

Mzee wa Vali

Mimi nitaandika kuhusu mabadiliko ya muda yanayogeuka ya kudumu: kipande cha bomba, vali iliyofungwa kwa waya, king'ora kilichozimwa kwa sababu kinapiga kelele. Nitaeleza namna ya kuweka fomu ya ukurasa mmoja ambayo lazima isainiwe na mtu asiyetoka idara iliyoomba mabadiliko, na tarehe ya kuyaondoa iwe imeandikwa.

Dada wa Maabara

Langu litahusu sampuli. Chuoni tulipewa sampuli ndani ya chupa safi yenye lebo. Hakuna aliyetufundisha mahali pa kuichotea kwenye bomba, au kwamba ya kwanza kutoka kwenye bomba lililokaa usiku kucha haifai kupimwa.

Juisi ya Miwa

Nami naanza sasa hivi, mleta uzi utanisahihisha lugha. Kiwandani juisi ya miwa husafishwa kwa chokaa, kisha huvukizwa katika vyombo vinne au vitano vilivyounganishwa, mvuke wa chombo kimoja ukikipasha moto kinachofuata, na mgandamizo ukishuka kadiri juisi inavyozidi kuwa nzito. Chuoni tulikokotoa eneo la mabomba kana kwamba yatabaki kama yalivyotoka dukani. Ukweli ni kwamba ukoko huanza kujijenga ndani yake tangu siku ya kwanza ya msimu, vyombo vya mwanzo vikipata zaidi fosfeti ya kalsiamu, na vya mwisho vikipata silika na oksaleti, ambazo ni ngumu zaidi kuziondoa. Joto hupita kwa shida, mvuke unaodaiwa kutoka boila huongezeka, kasi ya kusaga miwa hupungua, na miwa iliyokwisha katwa hukaa uwanjani ikipoteza sukari. Husafishwa kwa kuchemsha magadi makali ndani ya mabomba, kisha kwa brashi. Uamuzi mgumu ni lini kusimamisha kiwanda: ukisimama mapema unapoteza siku ya kusaga, ukichelewa unachoma mabaki yote ya miwa na bado mvuke hautoshi. Ningependa mwanafunzi apewe kumbukumbu za msimu mzima, zenye joto na mgandamizo wa kila chombo kwa kila zamu, aambiwe achague siku ya kusimama na kuitetea mbele ya meneja. Kumbukumbu hizo tunazo, na zikiondolewa jina la kiwanda hazina siri. Idara itakayozitaka ituandikie.